Makasia Tisa ya Magesa

Mdogo wangu Magesa,

Mwezi uliopita nilishusha makasia yako darini. Nimeyahesabu mara mbili: tisa. Manane ya kupigia na moja la usukani. Mtumbwi mzima, kasoro watu. Watu nilikuchukulia mimi, na hilo ndilo linalonikalisha hapa na kalamu, wakati wewe una miezi sita chini ya udongo wa Bunda, katikati ya mashamba ya pamba ya wakwe zako.

Kwanza nijitetee kidogo, unanijua. Hapa mwaloni, wanaposhusha samaki, wanasema niliyaua mashindano ya mitumbwi. Wanasema hivyo huku wamekaa kwenye mitumbwi niliyowasaidia kununua. Mimi sikumfunga mtu kamba. Kila mpiga kasia aliyehamia kwenye kambi yangu ya uvuvi alikuja kwa miguu yake, saa ya mchana, kila mtu akimwona. Nimelisema hili mara nyingi sana, mpaka juzi nikajiuliza mbona mtu asiye na kosa anajitetea kila wiki.

Unakumbuka wavu wetu wa kwanza, miaka ile ya uhaba? Madukani kulikuwa na rafu na vumbi tu, nguo tunafua kwa majani ya mpapai. Tulipata tairi la lori lililokufa, tukalichana, tukavuta nyuzi moja moja, tukazisokota juu ya mapaja mpaka yakachubuka. Wiki saba. Mama akasema wavu wenyewe unanuka barabara, samaki watafikiri wamefika Mwanza. Ulicheka hadi ukaangusha uzi, na mimi nikakugombeza kwa sababu ya uzi.

Njaa ilikuwepo, lakini mashindano yalikuwa mashindano. Kila mwaka, siku moja baada ya Krismasi, vijiji saba, mitumbwi saba, kutoka Jiwe la Mnandi mpaka mchangani kwetu. Hakukuwa na mashine za mitumbwi, kila mtu alikuwa na mabega. Katika miaka saba ya mwanzo walishinda watu watano tofauti, na usiku wa kuamkia siku yenyewe hakuna aliyethubutu kutaja mshindi. Wewe ulishinda mara mbili. Mimi sikushinda hata mara moja.

Na sheria yetu ilikuwa ile ya wazee: aliyeshindwa anaacha kasia moja nyumbani kwa mshindi. Halitolewi zawadi, haliuzwi, haliombwi. Unalifuata mwaka unaokuja, ziwani, kwa kumshinda aliyenalo. Mwaka ule wa pili uliposhinda, kasia langu ulilitundika juu ya mlango wako, nikija kula kwako nainama chini yake. Ulikuwa unaniambia, "Kaka, karibu, usigonge kichwa kwenye mali yako."

Wewe ndiye uliyenifundisha kuhesabu. Ulikuwa unashika usukani bila kutazama mtumbwi wa mwenzio. Ulisema macho yanadanganya, mapigo hayadanganyi: toka Jiwe la Mnandi, watu nane wazima, ziwa likiwa limetulia, ni mapigo mia nne na kumi. Ukizidisha kuna mtu amechoka. Hesabu zote nilizofanyia biashara baadaye zilianzia kwenye yale mapigo yako.

Halafu biashara ikafunguliwa. Mimi nilipanda basi na magunia mawili ya samaki wakavu, nikarudi toka Mwanza na nyavu sita za dukani. Wewe ulisema tungoje tuone. Mwaka wa pili nikapata mashine. Wa tatu magari ya barafu yakaanza kufuata sangara mpaka kwetu, nikafungua kambi. Mtu anayelala kambini kwangu na kuvua kwa wavu wangu, siku ya mashindano atapiga kasia mtumbwi wa nani? Sikulazimisha. Nilipanga tu mambo mpaka jibu likawa moja.

Nilianza na wawili kutoka kijiji cha Suguti. Halafu watatu wako kwa mpigo. Mwaka huo nikashinda kwa mara ya kwanza maishani, na wewe ukaniletea kasia lako mwenyewe, unacheka, ukasema nisilizoee. Mwaka uliofuata nikachukua wengine watatu. Wa mwisho alikuwa Masatu, mtu wako wa mbele, yule uliyemfundisha tangu hajajua kuogelea vizuri. Nilimpa nyavu nne na nafasi ya kushika mashine. Alilia aliponikubalia. Nikajiambia ni furaha.

Jioni ile ulikuja kwangu. Nilikuwa nimejiandaa kwa ugomvi, nina majibu yangu yote. Ukakaa, ukanywa uji wa shemeji yako ukaumaliza, ukauliza swali moja tu.

"Sasa kaka, utakuwa unashindanaga na nani?"

Nikakujibu kwamba anayeshindwa kuweka watu asilaumu mwenye kuwaweka. Ukasema asante kwa uji.

Mitumbwi saba ikawa sita, ikawa mitano. Kuna mwaka iliingia minne ziwani, mitatu yangu, wa nne wako. Nilishinda wa kwanza, wa pili na wa tatu, nikapiga makofi peke yangu. Watu waliacha kubishana kabla ya mbio, maana hakuna cha kubishania. Wamama wa maandazi waligeuza meza zao, wakawa wanauza wameligeuzia ziwa mgongo. Mimi niliona vizuri. Mtu wa hesabu anaona watu wakipungua.

Ndipo ukaja mwaka wa tisa wa ushindi wangu. Yule mwalimu aliyekuwa anapuliza filimbi ya kuanzisha mbio akakuomba uingie, la sivyo hakuna mashindano. Uliokota watu: shemeji zako wawili toka Bunda ambao mtumbwi waliuona kama jini, katekista, na vijana waliobaki kwa sababu mimi sikuwataka. Nami nilikuwa nimemwalika wakala wa kiwanda cha minofu aje aone kijiji kilivyochangamka. Nilihitaji mbio, siyo matembezi. Basi nikawaambia watu wangu kambini, "Leo tunaenda taratibu. Mwacheni Magesa ashinde." Masatu aliniangalia, akashika kasia lake.

Nilikuwa mbele ya mtumbwi wangu, natoa mapigo. Ulitangulia. Mchangani watu walisimama, nikasikia vigelegele ambavyo sikuvisikia miaka mingi. Nikajisikia mtu mwema kabisa. Tulipopita mawe ya mwisho uligeuka kututazama, wewe usiyetazamaga mtumbwi wa mtu. Uliona makasia yetu yanaingia nusu.

"Kaka," ukaita juu ya maji, bila hasira, kama mtu anayeuliza njia. "Unaniachia?"

Nikaendelea kutoa mapigo. Ukainua kasia lako la usukani juu, maji yakichuruzika, na watu wako wote nane wakainua ya kwao, hata shemeji wale wa Bunda. Mtumbwi wako ukaenda wenyewe, ukapunguza, ukasimama.

Magesa, hapa ndipo nilipotaka kufika kwa barua hii. Kutoka pale tulipokuwa mpaka mchangani yalibaki mapigo ishirini. Niliweza kuinua mkono wangu. Tungesimama wote wawili, watu wangetucheka, na wewe ungekuwa bado mdogo wangu. Nilikuwa na mapigo ishirini ya kuamua, na niliyahesabu yote, moja mpaka ishirini, kwa sauti. Tukafika. Nikapokea zawadi ya mshindi, dume la ng'ombe, mbele ya wakala.

Jioni ukaleta kasia, kama sheria inavyotaka. Miaka yote ulileta la kupigia. Safari hii ulileta la usukani. Uliliegemeza ukutani, ukaamkia, ukaondoka. Ndani ya mwezi ukahamia Bunda kulima pamba, mtu wa ziwa kwenye jembe, na mashindano hayakufanyika tena.

Tulionana mara moja tu baada ya hapo, stendi ya Bunda. Ulinipa shikamoo yangu. Uliniuliza hali ya shemeji yako, ya watoto, mpaka ya ng'ombe mmoja mmoja. Ziwa hukuliuliza. Mimi nilikuwa na maneno, basi likapiga honi, nikashukuru kwamba limepiga honi.

Sasa sikia. Mwanao Nyanjura amerudi kijijini anauza dagaa, ana mdomo wako na ubishi wa bibi yake. Amekusanya vijana, wasichana watano na wavulana watatu, wanajifunza kila jioni, naye ndiye usukani. Wanataka kuyafufua mashindano Krismasi hii. Kusikia hivyo nikashusha makasia yako, nikayapaka mafuta, mawili yameguswa na mchwa lakini yanafaa. Nikamwita, nikayapanga barazani, nikamwambia chukua mwanangu, ni ya baba yako, nilipaswa kuyarudisha zamani.

Aliyatazama moja moja. Lile la usukani alilishika, akalipima mkononi, nikajua limefika. Halafu akalirudisha palepale.

"Baba mkubwa, haya hayatolewagi," akasema. "Leta mtumbwi. Na usituachie."

Basi ndiyo kazi niliyonayo. Mimi niliyekuwa na wapiga makasia thelathini na sita, leo nahangaika kupata wanane. Wale wangu mashine imewanyang'anya mabega. Nimewapata sita, mdogo wao ana miaka hamsini na tatu. Masatu magoti yamekufa, lakini nilipomweleza amesema abebwe mpaka kwenye mtumbwi, akishakaa shauri yenu. Juzi tulijaribu toka Jiwe la Mnandi: mapigo mia sita na themanini, na mmoja alitapika. Vijana wa Nyanjura nimewahesabia nikiwa nimejificha nyuma ya nyavu. Mia nne na thelathini, na bado wanajifunza.

Watatushinda, hesabu iko wazi. Lakini makasia yetu yataingia maji mpaka mkononi, kuanzia jiweni hadi mchangani, na mimi mbele natoa mapigo kwa sauti yangu yote. Udongo wa Bunda uko mbali na ziwa. Nitapaza.

Lala, mdogo wangu. Juu ya mlango wangu nimeshatoboa tundu la msumari, nitundike kasia lako la usukani mpaka Nyanjura alifuate, nione tena inavyokuwa kuinama.

Ni mimi kaka yako wa tumbo moja,
mpiga kasia wa pili baada yako.