Siku Niliposema Nakufahamu kwa Sura Tu

Baba,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini mkono umekataa kuanza kwa namna nyingine.

Ni miezi minne tangu tukuzike. Mvua imekuja vizuri hapa Goweko. Watu wameanza kurudi kimya kimya kulima mashamba ya zamani, na hakuna anayewauliza. Mama hajambo, ila bado anasonga ugali wa watu wawili. Mizinga yako nimemkabidhi mjomba, maana mimi nyuki hawanitaki, unajua mwenyewe.

Nazunguka tu. Naona haya, Baba. Hilo ndilo nililotaka kusema.

Unaikumbuka siku ya mkutano pale shuleni, mwaka ule wa kuhamia vijijini. Yule bwana mkubwa alikuja na gari la serikali, akakaa mezani, mimi nimeketi kando yake nikiandika kumbukumbu. Akasema kila mtu awe amehamia barabarani kabla ya mvua. Wewe ukasimama. Ulikuwa umevaa koti lako la jeshi la Keya, lile la kaki lililokwisha viwiko, na ulisimama kiaskari, mikono imenyooka ubavuni. Ukasema, "Mheshimiwa, kijiji sikikatai. Ila miche ya tumbaku iko kitaluni. Tuacheni tupande, tuvune, ndipo tubomoe nyumba."

Akauliza koti lile ni la nini. Mtu akamweleza kwamba ulikuwa askari wa Mwingereza, ulipigana na Mjapani kule Bama. Akacheka. "Alimpigania mkoloni, leo anatupinga sisi!" Kisha akanigeukia. "Mwalimu, huyu mzee unamfahamu?"

Jina langu lilikuwa limepelekwa juu niwe mwalimu mkuu. Nikajibu, "Namfahamu kwa sura tu."

Watu wote pale walijua, Baba. Wenzangu niliocheza nao, mchungaji aliyenibatiza, wote. Hakuna aliyenisuta. Waliinamisha vichwa kana kwamba wao ndio waliosema. Nami nikaandika daftarini: mzee mmoja aliomba muda, ombi likakataliwa. Mzee mmoja! Kwa mwandiko huu huu nilioupata kwa jasho lako.

Ukakaa. Nilijifariji kwamba hukusikia, kwa kuwa sikio lako la kushoto lilikufa vitani. Njia nzima ya kurudi nilikuwa nakumbuka ulivyosimama, nikijaribu kujua sikio lipi lilikuwa upande wangu.

Wiki ile ile uliibomoa nyumba kwa mikono yako, ukazibeba nguzo moja moja mpaka barabarani. Miche ikafia kitaluni. Na tangu hapo hukuniita tena Kabula, wala mwanangu. Nikija nyumbani, "Karibu, Mwalimu." Tukikutana njiani ulivua kofia, "Habari za kazi, Mwalimu." Cheo nilikipata, na kila ulipokitaja nilitamani ardhi ipasuke. Nikadhani unaniadhibu. Nikafika mahali pa kukukasirikia, hebu fikiri, mimi nikukasirikie wewe! Nikawa nakuja mara chache. Ulipoanza kuumwa kwa mara ya mwisho nilichelewa siku mbili, nikisingizia mitihani. Nilikukuta umeshafunikwa shuka.

Mwezi uliopita nilikwenda na Mama kwenye mahame yetu, kuchimba mihogo iliyojiotea yenyewe pale palipokuwa na jiko. Nikashindwa kuvumilia, nikamweleza yote. Hakuacha kuchimba. Akasema, "Alisikia. Alirudi akaniambia, 'Usimgombeze mtoto, alishikwa na hofu. Nikimwita mwanangu, neno likimfikia yule bwana, watamuumbua.'"

Kumbe ulikuwa unaulinda uongo wangu. Miaka yote ile, Baba, hata ndani ya nyumba, ili ulimi usije ukakuteleza nje.

Kisha akanieleza habari za Bama, ambazo sisi watoto hukutusimulia kamwe. Kwamba mlikuwa mmelala majanini, na rafiki yako Shija, mtu wa Bukene, alikuwa amejeruhiwa mbele yenu, akikuita kwa jina. Hukuitika, ukiogopa adui atajua mlipo. Akaita, akaita, mpaka akanyamaza. "Na mimi niliwahi kumkana mtu," ndivyo ulivyomwambia Mama jioni ya mkutano. "Najua linavyokula moyo. Mwache." Na kwamba uliporudi kutoka vitani ulikwenda stesheni Tabora mara mbili, ukakata tiketi ya Bukene, na mara zote mbili treni ikaondoka wewe umesimama pale pale.

Laiti ungeniambia. Hapana. Laiti mimi ningekuuliza. Tungeketi wawili, kila mtu na lake, hata bila kusema kitu. Lakini nilikuacha ufe ukinivulia kofia.

Lala, Baba. Shule zikifungwa nitapanda treni kwenda Bukene. Nitauliza nyumba hadi nyumba mpaka niwapate watu wa Shija. Nitawaambia kijana wao alikufa akimwita nani, na kwa nini hakuitikiwa, na sitapunguza neno. Wana haki ya kukasirika, nawe hupo tena wa kukasirikiwa, basi nitasimama mimi mahali pako. Wakinifukuza, nifukuzwe kama mwanao.