Sijafa, Naendesha Baiskeli

Kibondo, Kigoma

Dada yangu mpenzi Mwanaidi,

Nakusalimu mimi mdogo wako, niliye hai. Nimetanguliza hilo kwa sababu telegramu yako imefika jana, ukimwuliza mke wangu Zuhura nimezikwa wapi, na kusema khitma yangu imeshasomwa. Pole kwa machozi, Dada. Magoti yako yanaendeleaje? Na shemeji, kifua kimepoa? Sisi huku wazima, ila baridi ya asubuhi ndiyo haituachi.

Sasa sikiliza. Nilikuandikia kwamba miguu inavimba na kwamba kupanda ngazi za dukani tu nahema. Daktari wa hapa, kijana wa Bukoba asiye na haya, akaniambia, "Mzee, umekaa mno nyuma ya kaunta. Nunua baiskeli uizungushe taratibu kila asubuhi, la sivyo duka utamwachia mtu." Nikanunua. Mimi na mvi zangu nikajifunza upya, Zuhura akinishikia kiti huku akicheka hadi kanga ikamdondoka.

Kuendesha si tabu. Tabu ni salamu. Waha, wenyeji wa huku, hawapungiani mkono wakapita. Ukikutana na mkubwa unashuka, mnapigiana makofi polepole, "mwakeye", yaani habari za asubuhi, kisha mnaulizana watoto, ng'ombe na wagonjwa. Na tangu watu wahamie vijiji vipya, nyumba zote ziko kando ya barabara. Kila jasho likianza kutoka, nashuka.

Ijumaa moja mwezi uliopita nikaudhika. Nikasema leo sishuki. Nikainamisha kichwa, nikashika njia ya Kumsenga, nikawapita wazee wote kama siwaoni. Nilifurahi, Dada, sikufichi. Nilisahau hata umri.

Kurudi, nikakuta watu wamejaa dukani. Wanawake wamekaa chini, milango imefungwa, Zuhura analia asijue anamlilia nani. Jirani yangu Mzee Bukuru akanishika mkono.

"Yoo, mzee wangu, pole! Ni nani?"

"Nani kafanya nini?"

"Aliyefariki. Mtu mzima hapiti wakubwa mbio namna ile bila kushuka, ila kama anapeleka habari ya msiba."

Tulicheka mpaka mbavu zikauma. Waliokuja na maharage walikataa kurudi nayo, tukayapika tukala wote. Lakini dereva mmoja wa lori alikuwa ameshapita akaona matanga. Alipofika Kigoma akamwambia mtu wa kwetu Pangani kwamba kwa Salehe kuna msiba. Yule hakuuliza ni wa nani, akakuletea habari huko. Nawe hukuuliza.

Hapo ndipo paliponiuma. Wote mlikuwa mmeshanizika mioyoni, mnangoja habari tu. Jana nilikasirika. Leo asubuhi nikatoa baiskeli.

Tangu Ijumaa ile nashuka kwa kila mkubwa, na kupanda tena. Daktari anasema huko kupanda na kushuka ndiko kulikoifungua miguu yangu. Viatu vyangu vya sikukuu ya Idi vinaniingia tena. Kilima cha kutokea mtoni bado kinanishinda katikati, lakini nitakimaliza, na wazee wa pale wameshaanza kunipigia makofi kabla sijafika.

Katika barua yako ya mwisho uliniambia umenitayarishia chumba cha uani nije niuguzwe. Mpe mjukuu wako alale. Sitakuja kuuguzwa. Mvua zikikatika nitapanda gari moshi na baiskeli yangu, na kutoka kivukoni hapo Pangani hadi mlangoni kwako nitaendesha mwenyewe. Usimtume mtu kunipokea.

Nisalimie shemeji, na shangazi yetu Bi Mtumwa aliyenisomea khitma. Mwambie thawabu zimefika ila pilau sikuionja. Mwanangu Athumani aliye huko kwenu, fundi seremala, mwambie baba yake anamtaka aache kuvaa nyeusi.

Nawe Dada, kaa barazani kama kawaida yako. Ukiniona naja mbio, usipige kelele. Wewe ndiye mkubwa wangu. Nitashuka.

Mdogo wako,
Salehe