Stesheni Ambayo Deo Hakuisikia

Na kosa halikuwa la Deo, Tata, baba yangu, ulijue hilo kwanza, maana nilimlaumu sana na hakustahili. Deo ndiye mume wangu. Tulifunga ndoa baada ya Pasaka, sasa tunakaa Buhembe, hapa Bukoba, na nampenda mpaka nikisikia anafungua geti moyo unaruka kama mtoto aliyeona senene, wale panzi watamu, wameanguka. Ungempenda na wewe. Anacheka kwa mabega. Ananimenyea ndizi, mwanamume mzima, na mama yake akiona anaguna.

Tangu uchumba nilimwahidi kitu kimoja: kwamba atasikia stesheni yako. Nilimsimulia yote. Wewe pale nyumbani Ngenge, jua likizama, redio juu ya kigoda, masafa ya kati, na yule mwanamke wa mbali ng'ambo ya ziwa akisoma habari kwa lugha ambayo hakuna aliyeijua kwetu. Mama alikuuliza unasikiliza nini usichokielewa. Ukamjibu, "Sitafuti kuelewa. Nataka kujua kama yupo." Deo aliposikia hayo alinishika mkono. Hapo ndipo nilipojua nitaolewa naye.

Basi jioni ya kwanza nyumbani kwetu niliwasha redio yako, uliyoniachia. Mshale ukafika mahali pake. Mwanamke hayupo. Ni mkwaruzo tu, kama mafuta yanayokaanga na hakuna wa kuepua. Nikasema ni taa za Deo. Akazizima. Nikasema ni friji, ni chaja, ni king'amuzi. Akachomoa vyote, tukakaa gizani, mpaka mama mkwe akauliza dirishani kama tumeshagombana. Deo akamwambia, "Hapana, Mama, tunamsubiri mgeni."

Nikafanya ulivyonifundisha: usihangaike na kitufe, zungusha redio yenyewe, kelele ina upande inakotoka. Niliizungusha polepole. Mkwaruzo ukafifia, ukafa. Na chini yake hapakuwa na kitu.

Deo hakukata tamaa. Akanipeleka kisiwani Bumbire kwa shangazi yake, tukakaa ufukweni mbali na nyaya zote, nami nimevaa kitenge kipya kama naenda kutambulishwa ukweni. Mkwaruzo ulikuwa umetutangulia.

Tuliporudi nikaenda kwa Mzee Sefu, mwenzako wa redio mwenye duka la vitambaa mjini, yule mliyekuwa mkipigiana simu kuambiana nani kasikika leo. Hakushangaa. Alisema stesheni kubwa ya nchi jirani, inayopakana na ya yule mwanamke kwenye masafa, imeanza kurusha kidijitali. Wenye redio mpya wanasikia sauti safi kama maji. Sisi wa redio za zamani tunamwagiwa kelele, na inatoka upande uleule wa mwanamke wako. Ukigeuza redio kuikwepa kelele, unamkwepa na yeye. Nikamuuliza tulalamike wapi.

"Tulalamike kwa nani, binti yangu? Hawakukosea hao. Waliulizana nani anasikiliza pale katikati, wakajijibu hakuna mtu."

Redio yake anazuilia mlango wa duka usifungwe na upepo.

Nimekasirika, Tata. Nina furaha ambayo sijawahi kuwa nayo, halafu kila jioni ukifika wakati ule inachacha. Wenzangu wananiambia nisikilize kwenye simu, stesheni zote za dunia zimo. Zimo, ndiyo. Hizo unaziita zinakuja. Yako tulikuwa tunaifuata, tunabana pumzi, na ilipokuja ulikuwa unatazama juu kama mtu aliyetajwa jina. Labda bado anasoma habari zake kila siku na hajui kwamba tumezibwa masikio. Ulipofariki kijiji kizima kilikuja. Safari hii wamekuondoa tena, na hakuna hata mmoja aliyeniambia pole, isipokuwa Deo.

Pumzika, baba yangu. Kabla mwezi huu haujaisha tutakuja Ngenge, mimi na yeye, tukupalilie kaburi pale migombani. Redio nitaiacha Bukoba. Nitaketi kando yako jua likizama, nimwigizie Deo sauti ya yule mwanamke mimi mwenyewe, maneno nisiyoyajua, kile kikohozi chake kabla ya habari, yote kama ninavyoyakumbuka, mpaka amsikie.