Bustanini Hakuna Utambulisho

Garland, 31 Agosti 2025

Mama mpendwa,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye joto. Goti linaendeleaje, na dawa za moyo zinakukubali? Mimi sijambo, ila kazi ya ghala inanichosha mgongo. Msalimie shemeji Elia, na Queen mwambie Baba atapiga simu Jumapili.

Mama, nina neno zito. Mke wangu Lydiah alipokuwa hai ndiye aliyebeba maneno kati yangu na wewe. Miaka mitatu tangu tumzike hatujapata mwingine, ndiyo maana nakuandikia. Nataka kuoa. Anaitwa Chepngetich, ni nesi hapa Dallas. Harusi ni mwisho wa Novemba.

Kabla ya hapo, tarehe 25 Oktoba, joto likishapungua, tutakutanisha watu wake na wetu bustanini kando ya ziwa. Hakuna suti, hakuna ukumbi. Ni nyama choma na watoto wakicheza. Nimechagua nje kwa heshima yako, maana najua mkwe na mama mkwe hatuli chini ya paa moja. Huko utapata meza yako ya mbali, na mimi yangu. Tafadhali uje na mtoto, na ukiweza utupikie muthokoi, kwani huku hakuna anayejua kukoboa mahindi.

Mkweo,
Mutuku


Pearland, 12 Septemba 2025

Mwanangu Mutuku,

Tunaamka, tumshukuru Mungu. Goti lina maneno yake lakini linanibeba. Queen ameng'oka jino la mbele na anamwonyesha kila mtu pengo.

Nimesoma barua yako nikalia kidogo, nisikufiche. Kisha nikacheka. Mtu aliyeachiwa sufuria ya chai na binti yangu ikaungua, leo ndiye wa kulisha koo mbili? Oa, mwanangu. Aliyekufa hafuatwi kaburini. Muthokoi nitapika.

Lakini nisikilize. Daktari anasema Januari lazima wanipasue kifua. Elia hufanya kazi usiku hospitalini na kulala mchana, hawezi kulea. Ulimwacha Queen kwangu kwa muda kidogo, na huo muda umekwisha. Nikitoka salama au nisipotoka, mtoto awe kwa baba yake, katika nyumba inayomjua. Kwa hiyo siku hiyo mshike mkono mbele ya watu wa bibi harusi, useme huyu ni wangu. Sikuombi kingine.

Mama


Garland, 9 Oktoba 2025

Mama,

Nimechelewa kujibu, unisamehe. Naomba Mungu umeamka na nguvu. Barua hii nimeianza na kuichana mara nyingi.

Tulipoenda kuposa, mjomba wa Chepngetich, Mzee Kiplagat, anayesimama badala ya baba yake, aliniuliza mbele ya wazee wote: "Tumesikia ulifiwa na mke. Kuna mtoto ambaye msichana wetu atakuja kulea?" Nikasema hakuna. Niliogopa, Mama, sina maelezo mengine. Chepngetich anajua ukweli na amenisihi niuseme, lakini kila nikimwona mzee ulimi unaganda.

Nikisema sasa, harusi haipo. Naomba siku hiyo ipite. Uje na Queen, watu wamwone na wampende kwanza. Ila aniite Anko, mchana huo mmoja tu. Wewe ukimwambia ataelewa, anakusikiliza kuliko anavyonisikiliza mimi. Baada ya harusi nitanyoosha yote.

Mkweo,
Mutuku


Pearland, 16 Oktoba 2025

Mutuku,

Afya yangu usiulize leo.

Ningekuwa mama yako mzazi ningepanda gari nije nikuzabe kofi. Lakini mimi ni mkweo, hata kukutazama usoni siwezi, na hilo unalijua vizuri. Sasa nimeelewa kwa nini bustanini. Ukumbini kila ukoo husimamishwa, watu wakaulizwa huyu ni nani na yule ni wa nani. Kwenye nyama choma hakuna utambulisho. Kumbe heshima yangu uliifanya pazia.

Mtoto nitamwambia. Si kwa ajili yako. Harusi ikivunjika utasema yeye ndiye aliyeivunja, hata kama ni moyoni tu, na ndiye atakayeishi na wewe. Elia atatuendesha.

Mama


Garland, 3 Novemba 2025

Mama,

Pole na safari, na pole na ile baridi iliyotushukia ghafla. Natumaini kifua hakikukubana. Muthokoi ulikwisha kabla ya nyama.

Nilikuona kule mbali, umetupa mgongo, leso kichwani, na hukugusa chakula. Queen aliniletea sahani kwa mikono miwili akasema, "Anko, chakula chako." Mzee Kiplagat akasema, "Huyu ana adabu sana. Ni wa nani?" Nikasema ni wa rafiki yangu. Mtoto akaitikia kwa kichwa. Mama, mimi nilicheka. Nilicheka na kumpapasa kichwa mchana wote, kwa sababu hofu ilikuwa imenitoka. Tangu siku hiyo silali vizuri.

Jumatano nilikwenda kwa mzee nikamwambia yote. Alisukuma kikombe chake cha chai pembeni. Kisha akasema hata yeye alilelewa na baba asiyemzaa, na kama ningesema ukweli siku ile ya posa angenipa msichana vilevile. Amenitoza mbuzi, basi. Harusi ipo. Queen nimemnunulia kitanda na Chepngetich amekitandika mwenyewe. Tafadhali mwambie mchezo umekwisha, aniite Baba. Nimepiga simu Jumapili zote mbili, na ananiita Anko bado.

Mkweo,
Mutuku


Pearland, 19 Novemba 2025

Mwanangu,

Huku tunaendelea. Upasuaji wameuweka wiki ya kwanza ya Januari. Nimefurahi mzee amekusamehe, nimefurahi kweli.

Nimemwambia. Nimemwambia kwa Kiswahili, na Elia akamwambia kwa Kiingereza asije akasema hakuelewa. Anasema okay, halafu akikutaja anasema Anko. Nilidhani amenuna. Jana nikimsuka nywele nikamuuliza kwa upole kwa nini hataki kukuita Baba. Nakuandikia alivyosema: "Nikimwita Baba kwa simu, anasema yuko bize. Nikamwita Anko, akacheka, akanishika kichwa, akakaa na mimi. He likes it better, Susu."

Mimi bibi yake nikaendelea kumsuka. Hakuna aliyemfundisha hayo. Alikutazama mwenyewe mchana wote akaona unavyopenda kuitwa, na anaogopa akikuita Baba utaondoka tena.

Harusini hatutakuja. Kifua changu hakiwezi, na yeye sitamrudisha mbele ya watu walewale aambiwe abadilishe tena. Baada ya Krismasi njoo umchukue. Uje wewe, usitume mtu. Mimi nitakuwa chumbani kama desturi yetu inavyotaka, kwa hiyo mlango atakufungulia yeye. Usimsahihishe. Atakuita Anko, nawe uitike.

Mama