Ile Mbili Ni Yangu

Mjukuu wangu Salma,

Marahaba. Babu yako goti linamsumbua, ila mdomo haujambo. Unauliza kwa nini kwenye Zn + HCl → ZnCl₂ + H₂ lazima uweke 2 mbele ya HCl. Swali lako limenipandisha hasira za tangu miaka ya hamsini!

Baba yangu alikuwa akitengeneza kandili za bati mtaani Mlandege. Kabla ya kuunga bati, alikuwa akiilisha tindikali vipande vya zinki mpaka iache kuchemka. Nikajua mapema kuwa zinki ni mlafi, kipande kimoja hunywa tindikali tele. Siku mwalimu alipoandika ubaoni bila ile mbili, nikamwambia, "Maalim, klorini imeingia moja, zimetoka mbili. Hiyo nyengine umeizaa wewe?"

Darasa zima likacheka.

"Mtoto wa fundi kandili unanifundisha mimi? Toka, na usirudi!"

Nikatoka. Dirishani nikamwona anaongeza 2 kwa chaki, kimya kimya kama mwizi. Hakuniita. Skuli yangu ikaishia hapo.

Ulimi wangu ulikosea, nakubali. Hesabu yangu haikukosea.

Basi mtihanini ukifika kwenye ile mbili, ikandamizie kalamu. Ni yangu.

Babu yako, nnayenuna mpaka leo