Sauti Si Yangu, na Jumapili Naitwa Jukwaani

Mpendwa Mama Mdogo Vasundhara,

Naomba unisaidie kabla ya Jumapili, maana ikishapita msaada wako hautanifaa tena. Mimi ni mwigizaji wa filamu hapa Hyderabad, sura yangu unaijua hata kama jina nalificha, na kabla ya hapo nilikuwa mwanamitindo wa sari, nikakaa kwenye bango kubwa pale njiapanda ya Ameerpet miaka miwili, mpaka siku moja Mzee Chalapathi, mtayarishaji wa filamu, alipokwama kwenye foleni chini ya bango akaniona akasema huyu ndiye, nami nikakubali mbio mbio bila kumwambia kwamba mimi ni mtu wa Mangaluru, nyumbani tunaongea Kitulu, na Kitelugu chenu kinanipiga chenga.

Nilipomwambia alicheka. "Binti, wewe chezesha midomo. Hesabu moja, mbili, tatu, sauti tutaweka wenyewe." Basi, Mama Mdogo, ndivyo nilivyocheza filamu nne. Kwenye mapenzi nahesabu taratibu, kwenye ugomvi nahesabu kwa ukali, na ile sehemu inayoliza watu, ninapomwambia baba yangu "Mlango huu nimeufunga mimi, na ufunguo nimeumeza," maneno ambayo sasa yameandikwa hadi nyuma ya bajaji, mimi nilikuwa nahesabu kwa Kitulu kutoka moja hadi kumi na tisa, huku Yadagiri anayenipaka vipodozi akiuma taulo pembeni asicheke, na Bunty, mbwa wa Mzee Chalapathi, akibweka kila nikifika kumi. Sauti aliiweka baadaye mama mmoja mtu mzima wa studio. Ni yeye anayewaliza.

Kosa langu ni hili. Mwezi uliopita kwenye televisheni mtangazaji aliniuliza, "Dada, sauti ile umeifanyia mazoezi wapi?" nami badala ya kusema kweli nikatabasamu nikajibu, "Nimezaliwa nayo." Yakatoka tu. Sasa nimeteuliwa kugombea tuzo ya mwigizaji bora wa kike, na Jumapili napandishwa jukwaani, moja kwa moja hewani, niseme maneno yale ya ufunguo na mengine yoyote watakayoyataka watazamaji. Mzee Chalapathi ameamua yule mama ajifiche nyuma ya pazia na kipaza sauti, mimi nichezeshe midomo mbele yake, na kazi ya kwenda kumwambia nikapewa mimi.

Nilimkuta studio anakunywa maji moto ya tangawizi. Hakukasirika, Mama Mdogo, afadhali angenitukana. Alisema, "Nitakuja, mwanangu, kazi ni kazi. Ila mjukuu wangu kakuona kwenye televisheni, kaniuliza, 'Bibi, kama sauti ni ya yule dada, wewe unaongea kwa ya nani?' Ukipata jibu uniambie."

Nikisema kweli, Mzee Chalapathi ameapa filamu ya tano nitaisikia redioni, na yule mama hatakanyaga tena studio. Halafu kuna baba yangu, aliyeninunia miaka mitatu kwa ajili ya lile bango, juzi tu ndiyo ameanza kuwaambia majirani, "Huyo anayesema vile ni binti yangu." Anayesema! Na nikikaa kimya, nitachezeshaje midomo nikijua mwenye sauti yuko hatua tatu nyuma yangu, gizani? Nijifanye mgonjwa? Nishauri, naogopa.

Midomo Mitupu, Hyderabad


Midomo Mitupu,

Pole, mwanangu. Pole nimeshakupa, sasa tugombane.

Kuhesabu si kosa lako. Uliambiwa hesabu, ukahesabu, na si wewe wa kwanza. Lakini uongo wa televisheni ni wako peke yako, na usiniletee habari ya "yakatoka tu". Mtu aliyeweza kunyamaza filamu nne hashindwi kunyamaza mbele ya mtangazaji.

Ugonjwa futa kabisa. Utalala Jumapili, Jumatatu utaamka mzima, na yule mtoto bado atakuwa anasubiri jibu.

Chalapathi naye anakutisha kwa sababu unatishika. Atamfukuzaje mwanamke ambaye watu wote watakuwa wamemjua kwamba ndiye mwenye sauti? Watayarishaji wengine watamgombania mlangoni. Atakayeumia ni wewe, na hilo sikufichi. Tuzo huenda ikaenda kwa mwingine, na filamu ya tano vilevile, ukarudi kwenye sari. Nilikuwa napita chini ya bango lile kila siku, ulipendeza. Baba yako mpigie simu leo, kwa Kitulu, umwambie kwa mdomo wako kabla hajaambiwa na majirani. Atanuna. Amewahi kununa, na akarudi.

Lakini kuna jambo limenikera kuliko yote hayo. Barua yako nimeisoma mara tatu. Chalapathi umemtaja. Yadagiri umemtaja. Hata mbwa, jamani, mbwa ana jina! Aliyekuwekea sauti filamu nne ni "mama mmoja", ni "yule mama". Usiniambie unamsitiri, maana anayejificha kwenye barua hii ni wewe. Nadhani jina lake hulijui.

Kwa hiyo ukimaliza kusoma hapa nenda studio, usitume mtu. Mwombe radhi. Muulize jina lake kamili, umwambie na hatari iliyopo, kisha umuulize kama anakubali litajwe mbele za watu, kwa sababu jina ni lake na kazi ni yake. Akikubali, mtafutie viti viwili vya mbele, kimoja cha mjukuu. Nyuma ya pazia pakae patupu. Jumapili shika kipaza sauti na usihesabu. Kitelugu chako kibovu kitatosha, sentensi yenyewe ni fupi, nimekuandikia uikariri:

"Sauti mnayoipenda si yangu, ni ya . . . . . . . . . . . . . , yule pale, amekaa na mjukuu wake."

Hapo katikati nimepaacha wazi kwa sababu mimi jina silijui. Wewe una mpaka Jumapili.

Mama Mdogo Vasundhara