Uji wa Mama Mkwe

Wawira mjukuu wangu, uliyepewa jina langu,

Huku Runyenjes tuko salama. Baba yako amepona kifua, na kahawa imeamua kuiva yote kwa pamoja.

Umeniuliza kama ni vizuri kukimbia asubuhi bila kula ili upungue uzito haraka. Swali lako limenitia aibu hata kabla sijajibu.

Nilipoolewa, sare ya kwaya ilinibana. Basi asubuhi uji wangu nilimpa mbuzi, mchana githeri nikawagawia wenzangu, na bado nikachuma majani chai. Siku moja nilipeleka kikapu kwenye kituo cha kupimia majani. Nikaanguka mbele ya foleni nzima, majani yakamwagika barabarani.

Wanawake hawakuniuliza mimi. Walimgeukia mama mkwe wangu, aliyekuwa kwenye foleni na kibuyu chake cha uji: "Kwani mtoto wa watu humlishi?"

Huku kwetu, mke mpya akianguka kwa njaa, anayeaibika ni mama mkwe. Wangu alinishika kichwa akaninywesha uji kama mtoto, watu wote wakitazama.

"Kunywa kwanza," akaniambia polepole. "Hata kukonda kunataka nguvu."

Nilikunywa macho yakiwa chini. Hadi leo, nikipita pale kituoni, huwa siinui uso.

Sahani ya jioni ipunguze kidogo ukitaka, lakini usikimbie na tumbo tupu. Ukianguka huko Nakuru, atakuwa ni Wawira ameanguka tena.

Ni mimi, cucu wako.